Robo Fedha

Sonara Badi wa Mkomani aliidondosha kwenye marumaru,
akatega sikio.
"Shilingi hii ya ishirini na mbili ni robo fedha.
Iliyobaki shaba, na jina la mfalme.
Rupia ndiyo fedha ya kweli."
Akaifuta kwa kanzu.

Mkusanyaji wa Mombasa, lenzi jichoni,
hakuuliza uzito. Alitaka sura.
Aliyoitolea bei ni ile ambayo simba wake bado ana manyoya,
isiyowahi kununua hata kibaba cha mtama.
Yenye tundu akaisukuma kwa ukucha:
"Hii imeshaharibiwa."

Tundu alilitoboa bibi yangu, Mwana Somoe,
kwa msumari wa mlango,
usiku ule mama aliposhikwa na degedege.
Akatia uzi mweusi, akamvika shingoni.
Ikamvaa mama, ikanivaa mimi, ikamvaa Twalibu,
hadi simba akabaki mgongo tu.

Rupia nimeziuza. Karo imelipwa.
Hii isiyo na bei naiinua dirishani,
nachungulia pale palipokuwa sikio la mfalme:

punda wa jirani anapita,
amebeba mchanga.