Dangirizi Mbili

Jumapili Kibuye, marobota yakishakatwa kamba
na wachuuzi wamepaza bei mpaka sauti zinakwaruza,
alikuja Awino, binti ya Otiato wa kuchomelea,
akaweka mezani pangu suruali mbili za dangirizi.
Nataka sketi, akasema.
Moja tu. Hizi mbili ziwe moja.

Ya kwanza niliijua kabla sijaikunjua:
matundu madogo madogo mapajani, kingo zake nyeusi,
kila tundu cheche iliyomponyoka Otiato
akiunga geti la mtu kule Kondele.
Ilinuka chuma, moshi, sabuni ya mche.
Ya pili ilikuwa ya kike, kiuno chembamba,
imefuliwa ikafuliwa hata magoti yakawa meupe.
Sikuuliza ya nani.
Mji huu si mkubwa hivyo. Mama yake alipanda basi la Busia
mwaka ule ziwa lilipopanda hadi vibandani,
na hadi leo Otiato huzunguka mbali asipite stendi.

Watu hudhani fundi huokota pesa mifukoni.
Mimi huokota mchanga. Njiti ya kiberiti.
Kichwa cha omena kilichokauka.

Basi, nikachukua wembe.
Dangirizi haifumuliki kwa haraka:
uzi wake wa rangi ya chungwa una kiburi,
umepigwa mara mbili na mtu wa mbali
asiyewaza kwamba kuna siku ya kufumua.
Nikakata kifundo, nikavuta, ukalia trrr,
vumbi la buluu likanikaa kuchani.
Na ndani ya mshono, pale jua halijawahi kufika,
rangi ilikuwa mpya, buluu ya siku ya kununuliwa,
mstari mwembamba tu.
Nikaufunika kwa kidole. Sijui kwa nini.

Miguu ya suruali ukishaifumua haikutani.
Huacha pengo refu, ncha juu, upana chini,
na hapo ndipo sketi huharibikia.
Pengo hilo halijazwi kwa kuvuta; ukivuta, kitambaa hupinda.
Hujazwa kwa kitambaa kingine.

Nikachora kwa chaki. Nikamwambia:
Rangi hazitalingana, Awino.
Hii imeunguzwa na moto, ile imechoshwa na maji.
Naweza kutafuta kipande kwa akina Mideva
kinachokaribiana na ya baba.
– Zisilingane, akasema, akinitazama mkono.
– Na matundu? Niyatie viraka?
– Yaache. Nitavaa shimizi.

Mvua ya saa tisa ikatoka ziwani kama desturi yake,
wenye marobota wakakimbilia maturubai.
Nikakanyaga cherehani.
Sindano ya kwanza ilivunjika penye tabaka nne;
ya pili ikasita, ikapita.
Awino alishika pindo upande wa pili wa meza
ili uzito wake usiniburutie mshono.

Aliivaa papo hapo, juu ya gauni lake,
akazunguka mara moja. Pembetatu ya katikati
ikafunguka, nyeupe nyeupe,
ikafunga.

Bei tulipatana mia tatu.
Jioni Otiato akapita, miwani ya kazi bado i kichwani,
akanipa mia nne, hakungoja chenji.
Aliuliza tu kama ule mshono wa katikati utashika.
Nikamwambia nimeupiga mara mbili.