Sanduku la Kiwayuu

Taa niliyohesabia ilikuwa na bendera ubavuni,
si yetu.
Kibandiko kidogo, kama kile cha bei.
Nilikikwaruza kwa ukucha usiku ule wa Langoni,
darasa la tano, madawati yamesukumwa ukutani,
na bado kikabaki nusu: mstari mmoja na herufi tatu.

Mia nne na kumi na mbili.
Mia tatu na moja.
Tisa zimeharibika, na katika hizo tisa
moja haina alama, ina maneno kwa wino wa buluu:
Tuleteeni maji.
Mawakala wakaitazama kwa zamu. Hakuna aliyeipinga.
Jumla mia saba ishirini na mbili.
Nikasema kwa sauti, wakasema nami,
Shekuwe wa chama hiki na Mwanamkuu wa chama kile,
ambao asubuhi hata salamu walinyimana.

Mwangalizi alikuja saa kumi alasiri
na kizibao chenye mifuko mingi kuliko maswali yake.
Alisifu hati yangu.
Siwafichi: nilifurahi. Nikaandika kwa mapambo zaidi
mpaka alipoondoka kuwahi chakula Shela.
Karatasi yake ilikuwa na visanduku vya kutia alama,
foleni, utulivu, wino, kivuli.
Hakikuwamo cha usiku.

Alfajiri tukalipakia sanduku juu ya punda wa Bwanaheri,
askari mbele, mimi nyuma nimeshika kamba,
na kichochoro kilivyo chembamba
mtu mmoja akajibanza mlangoni atupishe.
Akasema, "Piteni, piteni, hiyo ni amana."

Ukumbini, saa tatu na robo, simu ya Famau ikalia.
Akasoma kimya. Akasoma tena kwa sauti.
Serikali fulani ya mbali imempongeza mshindi.
Imetutakia amani. Imekumbusha mkopo.
Ubaoni mistari kumi na saba ilikuwa mitupu
na sanduku la Kiwayuu lilikuwa bado majini,
injini imezima, wanasukuma kwa upondo.

Hajaozwa mtu,
mwali yuko ndani anasukwa nywele,
na jirani wa ng'ambo ya saba keshatuma mkono wa heri
kwa bwana harusi, kwa jina lake.

Aliyeambiwa kashindwa hakuja kwetu kuuliza hesabu.
Alipanda ndege akashitaki huko huko.
Aliyeambiwa kashinda alipanda ya jioni akashukuru.
Nasikia walikutana kwenye foleni ya viza
wakaazimana kalamu.
Basi nianze kumlaumu nani? Mlango
haukuvunjwa. Komeo liko ndani.

Famau akaanza kukunja meza.
"Yeo kumekwisha," akasema, "twende tukalale."
Mtu akazima feni. Mwingine akabeba chupa za maji zilizobaki,
zenye kibandiko kile kile.
Mimi nilikaa. Usiuite ushujaa.
Viatu vilikuwa vimenibana, na nilitia saini
kwamba nitakaa mpaka la mwisho.

Saa nane mchana likafika,
limelowa upande mmoja, lakiri nzima,
mabegani mwa vijana wawili
ambao njia yote hawakupata mtandao.
Waliingia wakicheka, kwa kuwa wamefika.
"Tuliweke wapi, mwalimu?"

Nikatandika leso yangu mezani, maji yasije yakalowesha fomu.
Nikatazama saa. Nikaandika saa.
Nikasoma namba ya lakiri, tarakimu moja moja,
kwa hati ile ile, bila mapambo.
"Hapa," nikawaambia. "Wekeni hapa. Bado tunahesabu."