Sifuri Nne

Daftari la chama chetu cha kuzikana, Guraya,
lililowa mvua za mwezi wa tano,
wino wa Bi Mwanamkuu ukachuruzika
kutoka kwa walolipa mpaka kwa wasolipa,
na kwa wiki tatu
hakuna aliyejua nani anamdai nani sanda.

Basi nikaandika programu. Ndogo:
faili moja, mistari mia na ishirini,
jina, nambari ya simu, shilingi mia mbili kila Ijumaa.
Kwenye kompyuta yangu ilikwenda kama maji ya mfereji
siku ambayo maji yapo.

Nikampelekea Mwakio aiweke kwenye seva.
Akanijibu kwa neno moja: Imekataa.
Kwangu inafanya kazi, nikamwambia.
"Basi tuwazikie kwako," akasema.

Marehemu baba alikuwa karani wa shehena, Kilindini,
miaka ishirini na sita akikagua lakiri.
Kontena, alisema, halitaki kujua meli iliyolibeba
wala lori litakalolipokea Miritini.
Linataka orodha ya kweli na mlango unaofungika.
Usiandike "vyombo vya nyumbani."
Andika sufuria saba, kinu kimoja, mchi.

Nikaandika hivyo.
Mstari wa kwanza: chatu, toleo la tatu nukta kumi na mbili, lile jembamba.
Kisha chumba cha kufanyia kazi.
Kisha vifaa, kila kimoja na nambari yake,
si "chochote kitakachopatikana."
Mwisho: amka, usikilize mlango wa elfu nane.

Mama, yuko juu ya mbuzi anakuna nazi,
alinisikia nikisema kwenye simu
chatu yumo ndani ya kontena, tayari kuondoka,
akauliza kama watu wa forodha wana habari.

Saa tano usiku liliamka.
Maandishi yakapanda kiooni: niko macho.
Nikabisha. Kimya.
Nikabisha kwa simu, nikabisha kwa kompyuta ya jirani.
Kimya, na feni inazunguka,
na maandishi bado yanasema: niko macho.

Mwakio alicheka mpaka akakohoa.
"Umemwambia amsikilize nani?"
Nikatazama. Mia moja ishirini na saba, sifuri, sifuri, moja.
Yaani nafsi yake.
Mle ndani alikuwa mzima, amekaa kitako,
anajipigia hodi, anajiitikia karibu,
na sisi wote nje tumesimama, viatu mkononi.

Nikafuta. Nikaandika sifuri nne, nukta katikati,
anwani isiyo ya mtu yeyote,
maana yake: yeyote atakayebisha.

Likaitika.

Jina la kwanza nililoingiza, kwa kujaribu tu, lilikuwa la baba,
kwenye safu ya waliokwisha zikwa.
Kisha nikabadilisha rangi ya kitufe,
jambo dogo, kijani badala ya buluu,
nikalijenga upya kontena, nikaliwasha.
Safu ilikuwa tupu.

Nilikaa kidogo.
Hakuna aliyeniibia; ndiyo desturi yake:
kontena likifa hufa na vilivyomo.
Kinachotakiwa kubaki hakilazwi ndani.
Nikatoboa njia, nikatenga folda huko nje,
kwenye diski ya seva yenyewe,
nikaliandika jina mara ya pili,
nikaliua kontena makusudi, nikahesabu mpaka kumi,
nikaliwasha.

Lilikuwapo. Herufi zote.

Ijumaa Bi Mwanamkuu akafungua kwa simu yake yenye ufa,
akateremka kwa kidole, majina mia na kumi na nane,
akiguna kwa wengine, akipita wengine,
akafika kwa baba, kidole kikasimama.
"Huyu alibakisha mia mbili," akasema.
Akafungua kibeti, akaiweka noti mezani,
akainyoosha kwa kiganja.
"Andika amelipa."