Kilo Sitini na Nane

Sanduku lilikwama Itigi wiki mbili,
behewa lake limeharibika breki.
Mume wangu, aliyetengeneza breki za mabehewa
miaka thelathini na moja,
alicheka peke yake sebuleni
mpaka nikatoka jikoni kumtazama.

Lilipofika Isevya, lilikuja na mkokoteni wa chumvi.
Mbao zake zikawa banda la kuku.
Vilivyokuwamo vikawa wageni wetu:
bawa la kushoto likalala sebuleni,
la kulia kwenye korido, tukilipita ubavu ubavu,
na makochi yakahamia kwa Mama Sikuzani
ambaye hadi leo hajasema atayarudisha lini.

"Mahona anaunda nini?" waliuliza.
Nikajibu: deni.

Kazi yangu ilianzia kwenye mkia.
Mkono wake haukuenea, wangu ukaenea,
kisha bega, kisha kichwa, kisha mimi mzima,
nimelala chali ndani ya bati kama samaki wa kopo,
nimekaza kipande cha chuma nyuma ya kila ribiti,
yeye akipiga kwa nje.
Kelele ile haikuruhusu maneno. Tukatunga lugha.
Gonga moja: tayari.
Mbili: subiri, jasho limeniingia machoni.
Tatu: imepinda, itoboe uitoe.
Hatukuwahi kuelewana hivyo tangu posa.
Mezani huyu mtu husema "sawa" kwa maana saba.

Ribiti elfu kumi na moja na ushei.
Sikuzihesabu mimi, kitabu ndicho kilichozihesabu.
Ninayoijua ni moja, upande wa kulia, ubavu wa nne,
iliyokaa upogo, nami nikagonga moja badala ya tatu
kwa sababu maharage yalikuwa yanaungua.
Usiku sikulala.
Saa tisa nikamwamsha, nikasema.
Hakuuliza kwa nini. Alichukua tochi na drili,
na mtaa mzima ukatulaani mpaka adhana.

Siku ya kupaka rangi nikamuuliza:
"Utakwenda nayo wapi?"
"Inakokwenda reli.
Miaka yote nimeiona kwa chini, uvunguni,
nikidondokewa na grisi.
Nataka niione kutoka juu, hata mara moja,
inavyochana miombo kuelekea Urambo.
Na wewe?"
"Mimi miguu yangu iliumbiwa ardhi."
"Sawa," akasema.
Hiyo ilikuwa sawa ya tano, ile nisiyoijua vizuri.

Leo zimekuja mizani tatu za tumbaku
kutoka chama cha msingi, bado zinanuka jani kavu.
Kila gurudumu likapewa ya kwake.
Karani Nkwabi akasoma namba kwa sauti ya mnadani
kana kwamba ndege ni robota la daraja la kwanza,
na Mahona akaandika, ulimi nje
kama mtoto wa darasa la pili:
bawa, injini, mafuta, rubani.
Kisha wakaishusha, wakatoka kutafuta gari
la kurudishia mizani.

Daftari likabaki juu ya kiti.
Abiria: kilo 68.

Nani wa kilo sitini na nane katika nyumba hii?
Kuku? Mama Sikuzani amepita mia, anajisifu.
Hata mimi si wa kilo hizo,
si tangu ile kliniki ya Kitete, mimba ya Nyamizi,
muuguzi akisoma namba kwa sauti,
yeye amesimama mlangoni na ovaroli ya kazini,
nikidhani anatazama saa.

Nikapanda kwenye mizani iliyo karibu.
Sindano ikatikisika, ikafikiri, ikatulia.
Nikachukua penseli, nikakata ile ya kwake,
nikaandika 74.

Halafu, kwa kuwa hesabu ya ndege haina adabu,
nikavua viatu nikapima tena.
Sabini na tatu na kidogo.

Nikaiacha 74.
Sitapanda peku.