Kaimati

Uwanjani Manda karani kanipima pamoja na kikapu:
kilo sitini na nane.
"Malindi? Dakika ishirini na tano," kasema,
"hujamaliza kufunga mkanda."

Kweli. Mto Tana ukapita chini,
uzi uliomponyoka mshonaji,
kisha Ngomeni, weupe wa mashamba ya chumvi,
kisha magurudumu yakagonga lami.
Nikatia mkono kikapuni:
kaimati zingali moto.

Ila kutoka pale hadi kwa Mwanaesha,
kilomita tatu,
nilimwambia wa tuktuk azunguke.
Azunguke tena.
Miaka tisa hatusemezani,
kwa sababu ya kitanda cha mama.

Akafungua. Akafunua kawa, akaonja moja.
"Mbona zimepoa," akasema,
"na ndege dakika ishirini na tano?"