Daftari la Wageni

Vyumba vinane, funguo saba.
Afisa wa kodi alihesabu mara mbili,
akalamba kidole, akahesabu tena.
"Na cha tano, Mama Semkiwa?"
Nikamwambia cha tano kimelala.

Gesti yangu iko ukingoni mwa bwawa,
pale barabara ya vumbi inapochoka
kabla ya kufika Mabayani.
Maji haya yanalala mbele ya baraza yangu,
alfajiri yanashika bomba kwenda Tanga mjini
kufua mashati ya Ngamiani,
kuogesha watoto wa Raskazone;
mimi niliyeyalinda usiku kucha
nayafuata kwa ndoo kama mtu baki.
Wageni hawaamini. Wanafungua bomba,
linakohoa mara mbili, linanyamaza.
"Mama, maji!"
Nami huwaonyesha dirisha.

Kandambili nimezitia namba kwa msumari wa moto,
kushoto na kulia,
na bado jozi ya chumba cha tatu
niliikuta sokoni Muheza ikimtembeza fundi cherehani.
Nilimwamkia yeye, nikaziamkia na kandambili.

Serikali inataka daftari:
jina, kabila, kazi, atokako, aendako, saini.
Nimejifunza kusoma watu humo.
Yupo aandikaye "biashara"
na viganja vyake vimechanwa na mkonge.
Wapo waandikao "mume na mke"
ilhali mwanamke amemnong'oneza mwenzake:
jina lako la pili nani?
Siulizi. Nawachomekea neti chini ya godoro.
Mbu wa bwawani hawadai cheti cha ndoa.

Kisha akaja mpima maji, Yonazi Shekigenda.
Aliandika: siku mbili.
Akakaa arobaini na moja.
Wahenga walisema siku ya tatu mpe jembe;
mimi ya thelathini nilikuwa bado nampa uji,
na ndimu pembeni.
Kila kukipambazuka alikwenda
kwenye fito aliyoichomeka topeni, yenye alama nyekundu,
akasoma, akaandika, akarudi kimya.
Mara moja tu alinisemesha:
"Linashuka, mama. Kidole kimoja kwa wiki."
Nikadhani anazungumzia bwawa.

Siku ya arobaini na mbili
nilikuta dirisha limeachwa wazi,
kitanda kimetandikwa kuliko nitandikavyo mimi,
fedha chini ya kopo, kamili, hata ya uji.
Mlango umefungwa. Ufunguo umeondoka naye.

Badili kitasa, waliniambia.
Sikubadili.
Kila Ijumaa napanda kiti, napita dirishani,
mwanamke wa miaka hamsini na sita, khanga kiunoni,
nabadilisha shuka ambazo hakuna aliyezilalia.
Mpishi wangu, Mwanshamba, hushika kiti
akitazama pembeni kwa adabu.
Hajawahi kuuliza. Siku moja tu alisema
kiti hiki kimeanza kulegea miguu.

Masika haya paa la chumba changu lilitoboka.
Nilihamisha beseni, nikahamisha kitanda,
mvua ikatufuata sote wawili.
Saa nane za usiku nikachukua taa
nikaingia namba tano kama mwizi
katika nyumba yenye jina langu kwenye hati.
Nililala. Sikumbuki mara ya mwisho
kulala bila kusikiliza nani anagonga.

Asubuhi nikafungua daftari; sheria ni sheria.
Jina: Salome Semkiwa. Kabila: Mbondei.
Kazi: nilifikiri sana, nikaandika "kutandika."
Atokako: chumba cha pili kutoka hapa.
Aendako:
kalamu ikasimama, wino ukaacha doa.
Nikajitoza elfu kumi na mbili, sikujipunguzia,
nikajikatia risiti.

Nje mvua ilikuwa imeanuka.
Fito yake bado imesimama topeni,
imepinda kidogo, alama nyekundu imezama.
Nilivua viatu, nikaingia hadi magotini, nikapima.
Limepanda. Vidole vinne.
Nikaliandika hilo pia,
pembeni mwa ukurasa, pasipo na mstari.