Behewa la Pamba

Lilikuwa jepesi mno. Kila kona ya meza
liliruka reli kama panzi.
Nikaenda Kirumba, nikaomba chubwi za nyavu kuukuu,
nikayeyusha ile risasi, nikaimimina chini ya sakafu yake.
Sasa linayumba kidogo, linaguna,
linachelewa kusimama,
mzigo ndivyo ulivyo.

Nyanzobe akauliza: babu, mbona walichafua, jipya hivi?
Nikalipaka chai ya rangi, kutu ya msumari,
nikakwaruza mlango pale makuli walipopigiza kulabu.

Kiungio nimekipinda kwa spoku ya baiskeli.
Kikishika, kinalia: ka.

Miaka ishirini na sita nilikagua breki Mwanza Kusini.
Hata leo, nikiisikia ka hiyo,
nahesabu vidole.

Tisa.